Pesa ya Nguo Inaliwa na Sare

Mwulize mama wa Kataki au Katanika, mitaa yetu ya Kalemie, kama ana nguo, atakwambia sanduku limejaa. Mwulize atavaa nini kesho akiitwa shuleni kwa mtoto wake, ataanza kupekua. Ndani mna kikwembe cha 8 Machi, sikukuu ya wanawake, cha mwaka juzi, cha mwaka jana na cha mwaka huu. Mna sare ya kwaya, sare ya harusi ya binti wa jirani, sare ya matanga ya shemeji, fulana mbili za kampeni ya uchaguzi zilizokwisha kuchujuka, na gauni la mshono wa kupendeza ambalo halijavaliwa mara ya tatu. Nguo zipo tele. Za kuvaa ndizo haba.

Safu hii ni ya mfuko wa nyumba, kwa hiyo nauliza swali la mfuko: pesa ya nguo hapa Kalemie inaponyokea wapi? Wapo wanaolaumu mitumba, kwamba nguo iliyochokwa na wenyewe huko Ulaya haiwezi kudumu kwetu. Wapo wanaolaumu tamaa ya vijana. Mimi nalaumu sare, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tumalizane na mitumba, maana ndiyo inayowavika wengi wetu na ndiyo inayohitaji ujuzi zaidi.

Ushauri unaosikika siku hizi kuhusu kununua nguo kwa busara umetungwa kwa ajili ya mtu anayeingia dukani peke yake na pesa yake. Huko Ulaya, Livia Firth, mwanaharakati wa mavazi, alieneza kampeni ya kumtaka mnunuzi ajiulize kabla ya kulipa: je, nitaivaa nguo hii walau mara 30? Kwao ni kipimo kikali, kwa sababu blauzi inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana na mwenyewe anaichoka kabla haijafuliwa mara tano. Kwetu mara 30 ni mchezo. Mwuza ndagala mwenye vikwembe vitatu vya kazi anafikisha mara 30 kwa kila kimoja kabla mvua hazijakatika. Karani anayevaa suruali moja siku tatu kwa wiki anapita mara 150 kwa mwaka. Kipimo chetu kiwe 200, na hapo hesabu inageuka.

Tuchukue mfano tu. Kila mmoja aweke bei za siku yake, maana faranga haitulii. Suruali ya mtumba ya 15,000, na 3,000 nyingine za fundi wa kupunguza kiuno, jumla 18,000. Ukiivaa mara 200, kila kuvaa kumekugharimu faranga 90. Kikwembe cha sare cha 40,000, mshono 20,000, jumla 60,000. Ukikivaa siku ya sherehe, Jumapili inayofuata na siku moja ya kujionyesha, kila kuvaa ni 20,000. Hesabu hii haihitaji shule. Mama zetu wanaifanya kila siku kwenye unga na mafuta, wanajua gunia linakula siku ngapi. Ila nguo hatujaizoea kuipima kwa siku.

Sasa sokoni. Balo la mitumba kwa kawaida lina kilo 45. Limechambuliwa na kushindiliwa mbali sana, kwenye maghala ya Ulaya au Kanada, mara nyingine Sharjah au Karachi, na mwuzaji wa rejareja analinunua bila kuona kilichomo. Anachojua ni jina la aina tu: mashati ya kiume, jinzi, nguo za watoto. Mabalo mengi yanatufikia kwa maji kuliko kwa barabara. Mzigo unashuka Dar es Salaam, unapanda hadi Kigoma ambako reli imefika tangu 1914, kisha unavuka Ziwa Tanganyika. Mwingine unapita Bujumbura na Uvira, au unapanda kutoka Mpulungu upande wa Zambia. Kila mkono ulioligusa balo umeongeza chake. Kwa hiyo mwuzaji anapokataa kupunguza asubuhi ya kwanza, si roho mbaya. Hajajua bado kama balo lake lina uhai.

Hapo ndipo mnunuzi mwenye subira anapopata nafasi. Siku balo linapofunguliwa, wa kwanza kufika ni wachuuzi wengine na mafundi, wanachagua vya juu na wanalipa vizuri. Mwuzaji akisharudisha mtaji wake kwenye vile vya juu, vilivyobaki ni faida, na bei inashuka siku hata siku mpaka vinamwagwa chini kwa bei moja, uchague mwenyewe. Kanuni ninayoifuata ni nyepesi. Unachokihitaji kikiwa adimu, kwa mfano koti la saizi kubwa au viatu vya kiume namba 46, fika siku ya kwanza ulipe bila kinyongo. Ukitaka shati jeupe la shule au fulana ya pamba, vitu ambavyo kila balo linavyo, ngoja lundo. Kinachotutia hasara ni kufanya kinyume chake: tunagombania fulana alfajiri kwa bei ya kwanza, na koti zuri tunaliacha tukingoja lishuke, mpaka mwenzetu analibeba.

Na usiende bila kujua unachotafuta. Andika kwenye karatasi, hata nyuma ya risiti ya sabuni: suruali nyeusi moja, mashati mawili ya mtoto wa kidato, sketi ya kuvalia na blauzi ile ya kijani. Ukifika sokoni bila orodha, orodha utaandikiwa na mwuzaji.

Tushike shati moja mkononi. Watu wengi wanalinyoosha mbele ya kifua, wanatazama rangi, wanauliza bei. Rangi ndiyo ya mwisho kutazama. Ligeuze ndani nje kwanza. Inua kwapa ulielekeze kwenye jua: kama mwanga unapita pale kuliko mgongoni, jasho la mwenyewe wa kwanza limekwisha kula kitambaa, na hata fundi bora hawezi kukirudisha. Kunjua kola utazame mstari wa mkunjo, maana shati hukatikia hapo kabla ya mahali pengine popote. Kisha weka ukucha wa kidole gumba juu ya mshono wa ubavuni uhesabu mishono inayoenea kwenye upana wake. Sita au zaidi, shati limeshonwa. Tatu au nne, limeshikizwa tu. Tazama pia kitambaa kilichobaki nje ya mshono. Kikiwa kinatosha upana wa kidole kidogo, fundi ataweza kulitanua ukinenepa au kumtanulia mwanao akikua. Kisipokuwapo, shati hilo lina mwili mmoja tu duniani, na huenda si wako.

"Iko solide, mama, utaivala mupaka mutoto wako naye aivale," mwuzaji atakwambia. Pengine ni kweli. Mwombe ruhusa uvute uzi mmoja kutoka pindo la ndani, uuchome kwa kiberiti. Pamba inawaka upesi, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunyata, inayeyuka, inaacha kitone kigumu cheusi. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Ukiona jivu na kitone pamoja, ni mchanganyiko, na kwa sare ya shule mchanganyiko si mbaya hata kidogo: haukunjamani sana na unakauka upesi msimu wa mvua. Mwuzaji mzoefu hakasiriki kuona kiberiti. Anayekasirika amekujibu.

Kitambaa cha kuogopa kwetu ni kile kinachonyumbuka. Jinzi za kisasa, hasa za kike, zina uzi wa elasthanne ndani yake, hata asilimia mbili au tatu tu. Zikiwa mpya zinashika mwili vizuri. Lakini uzi huo unakufa kwa joto, na sisi nguo zetu zinapita kwenye joto mara mbili: jua la mchana na pasi ya mkaa. Miezi michache, goti limefura na kiuno kinaning'inia. Jinzi nzito ya zamani isiyovutika, ile ambayo ukiiweka wima karibu isimame yenyewe, haina uzuri wa mara moja, ila itakuzika.

Na pasi hatuwezi kuiacha. Kuna inzi, wengi humwita inzi wa maembe, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani. Mayai yakianguliwa, funza anapenya ngozi ya mvaaji na kumfanyia jipu. Dawa yake ni pasi ya moto kwenye kila nguo, ya ndani na ya nje, na kukandamiza mishono ambako mayai hujificha. Mwandishi wa magazeti ya mitindo wa Paris anaweza kuwashauri wasomaji wake waache kupiga pasi ili nguo idumu. Akija kuanika Kalemie atajifunza. Kwa hiyo uimara wa nguo hapa unaanza na swali ambalo lebo hailijibu vizuri: je, itavumilia moto? Pamba inavumilia, mchanganyiko wa pamba na poliesta unavumilia ukitanguliza kitambaa chenye maji. Nailoni na vile vitambaa vya kung'aa vya magauni ya karamu vinashika chuma cha pasi mara moja, na hadithi yao imekwisha.

Maji nayo yana la kusema. Maji ya Ziwa Tanganyika yana ukali wa alkali, pH yake iko karibu na 9. Ukiongeza sabuni ya mawese iliyopikwa kwa soda, pamba haina neno, lakini sufu na hariri zinaumia. Sweta la sufu linalouzwa karibu bure kwenye lundo, kwa sababu nani anataka sufu kwenye joto hili, litarudi kutoka ziwani likiwa saizi ya mtoto. Linunue kama una maji ya mvua na sabuni ya taratibu. Vinginevyo waachie madereva wa pikipiki makoti yao ya baridi ya Ulaya, wanaoyavaa alfajiri kukinga upepo wa ziwa na vumbi la barabara. Hao wanajua kwa nini wanayanunua, na hawayafui mara kwa mara.

Kuna wanaoona haya kununua mitumba, wakisema ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Lawama hiyo ina msingi. Mchumi Garth Frazer, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2008, alikadiria kwamba nguo zilizotumika zinaeleza karibu asilimia 40 ya kuporomoka kwa utengenezaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaziondolea nguo za Rwanda nafasi ya kuingia kwake bila ushuru. Kenya na Tanzania zilirudi nyuma. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, kwa hiyo mjadala huu sasa ni wetu pia. Lakini siwezi kumtwisha mama anayeuza lundo chini ya jua dhambi ya kiwanda kilichofungwa. Viwanda vya nchi hii vilipigwa na Zaïrianisation ya 1973, yaani kunyang'anywa kwa biashara za wageni, na umeme, na reli iliyochakaa, na vita.

Nasema hivyo nikijua kwamba Kalemie ulikuwa mji wa kitambaa. Kiwanda cha Filtisaf, kilichoanza miaka ya 1940 mji ukiitwa bado Albertville, kilisokota nyuzi na kufuma, na umeme wa maporomoko ya Kyimbi, kule Bendera, uliletwa mpaka hapa. Pamba ilitoka bara, kwa wakulima waliolazimishwa kuilima tangu amri ya kikoloni ya 1917, kwa hiyo tusiulilie wakati huo kana kwamba ulikuwa neema tupu. Mashine zimenyamaza siku nyingi, na mtoto wa leo anaijua Filtisaf kama jina la mahali. Ndugu yake wa Kinshasa, Utexafrica, alifunga mwaka 2007, na ardhi yake leo ina nyumba na ofisi za kupangisha. Kwa ufupi, hatuna kitambaa cha nyumbani cha kukinunua kwa uzalendo. Tunachoweza ni kununua vizuri kile kinachovuka ziwa.

Na hilo si geni kwetu. Karne ya 19, misafara iliyotoka Ujiji ilivuka hadi Mtowa, kaskazini kidogo ya mji huu, ikiwa imebeba merikani na kaniki. Nguo ilipimwa kwa shuka na doti, ikalipa wapagazi, ushuru wa machifu na chakula cha njiani. Ilikuwa pesa kabisa. Mpaka leo pisi ya kitenge ya yadi 6, ikiwa haijaguswa na mkasi, ni akiba. Mama anaiweka chini ya sanduku, inatoka kwenye mahari ya binti, au inauzwa siku mtoto anapolazwa hospitali. Siku fundi anapoikata, akiba imegeuka nguo, na nguo haiuzwi kwa bei ya kitambaa.

Kwa sababu hiyo naomba kina mama wasikate pisi nzima. Yadi 6 ni karibu mita tano na nusu, vipande vitatu vya kujifunga. Blauzi, ile tunayoiita libaya, inatoka kwenye yadi mbili. Yadi nne zilizobaki zipigwe pindo tu kwenye ncha, zibaki vikwembe viwili vya kujifunga. Blauzi ikichoka, vikwembe bado vizima. Vitabeba mtoto, vitatandika kitanda, vitakwenda na blauzi nyingine ya rangi moja. Gauni refu la mkia wa samaki linalotumia yadi zote sita ni zuri kwenye picha, lakini halina maisha ya pili. Ukinenepa, limekwisha.

Kitenge chenyewe kinachaguliwa kwa kugeuzwa. Waksi ya kweli inapakwa utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, kwa hiyo upande wa nyuma unafanana na wa mbele, na ndani ya rangi utaona nyufa nyembamba zisizofanana popote. Ikiwa nyuma ni hafifu kama kivuli cha mbele, imechapwa upande mmoja. Hiyo si dhambi kama bei nayo ni ya upande mmoja. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, inaandika jina lake kwenye ukingo wa kitambaa, na waigaji nao wanaliandika, hivyo maandishi pekee hayatoshi. Chovya pembe kwenye maji, ifikiche kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha rangi nyingi, ujue kila ukikifua utakuwa unalipia kitambaa unachokimwaga ziwani. Inachekesha kwamba watu wa Kigoma wanasifia vitenge vya Kongo, sisi tunasubiri mabalo yanayopita kwao, na wote wawili tunapata vitu vilivyotoka mbali zaidi ya ziwa.

Nirudi kwenye sare, kwa sababu yote niliyoeleza juu ya kwapa, uzi na moto yanamsaidia mtu aliyekwenda kununua kwa hiari yake. Sare huiendei. Inakujia. Anakuja mjumbe wa kamati na kipande cha mfano mkononi: kitambaa ni hiki, bei ni hii, mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Hupimi uzi wala huchomi kitu. Ukikataa, umejitoa katika ukoo, katika kwaya, katika ujirani. Wapo wanaowacheka wanawake wetu kwa kukopa ili wavae sare, siwacheki. Siku ya matanga, kuvaa alichovaa mwenzako ni kumwambia mfiwa kwamba yuko na watu. Hilo lina thamani kubwa, na hesabu yangu ya faranga kwa kila kuvaa hailipimi. Ninachohoji ni kwa nini ukaribu huo lazima upitie kwenye kitambaa kimoja, chapa moja, kutoka kwa mwuzaji mmoja.

Nchi hii imeshajaribu sare kubwa kuliko zote. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Rais Mobutu alipiga marufuku suti na tai, wanaume wa ofisi wakashona abacost, koti la kuvaliwa bila tai, wanawake wakakatazwa suruali, wakarudi kwenye kikwembe. Kila mwenye cheo alilazimika kuanza kabati lake upya. Tarehe 24 Aprili 1990, siku alipotangaza mwisho wa chama kimoja, tai ikaruhusiwa tena, na kabati likaanza upya kwa mara nyingine. Kila sare inapobadilishwa na wenye mamlaka, gharama inabaki kwa mvaaji.

Kikwembe cha 8 Machi kina kasoro yake ya ziada: mara nyingi kimechapwa mwaka na kaulimbiu. Mwaka ukipita, kimezeeka kabla ya kuchakaa. Na kinashonwa vibaya. Mwishoni mwa Februari vitambaa vinarundikana kwa mafundi wote kwa pamoja, na usiku wa kuamkia sikukuu bado kuna wanaosubiri mlangoni. Fundi akiwa na nguo arobaini na taa inayozimika, anapanua mishono, haachi akiba ya kutanua, na zipu anaishikiza mstari mmoja. Ukitaka kuona mshono wa mishono mitatu kwenye ukucha, tazama gauni la 8 Machi. Si ujinga wa fundi. Mpelekee kitambaa hichohicho mwezi wa Mei, wakati wa kiangazi, akiwa hana foleni, utapata kazi nyingine kabisa, na pengine kwa bei nafuu.

Halafu kuna sare moja ambayo haitutii hasara, na tunayo mbele ya macho kila asubuhi kwenye barabara ya Lumumba: bluu na nyeupe ya shule. Kuanzia Kinshasa hadi Kalemie mtoto anavaa shati jeupe na suruali au sketi ya bluu. Shati laweza kutoka kwenye lundo la mitumba, dukani, au kwa kaka yake aliyemaliza. Bluu ya huyu imepauka kidogo kuliko ya yule, na hakuna anayejali. Inavaliwa kila siku ya masomo, inarithiwa, inapandishwa pindo, inatiwa kiraka gotini. Mwaka wa shule ukiisha, imekaribia mara 200 au imezipita. Siri yake ni kwamba wizara ilitaja rangi, haikutaja kitambaa. Shule zinazoiharibu sare hiyo ni zile zilizoanza kudai nembo yao, tai yao na kitambaa chao kinachouzwa ofisini kwao tu. Hapo mzazi anarudishwa kulekule kwa mjumbe mwenye kipande cha mfano.

Nimesikia pingamizi moja lenye uzito: rangi peke yake haipendezi, watu watafika kila mmoja na kijani chake, picha itaharibika. Kweli, kijani cha mgomba na kijani cha chupa havifanani. Lakini kundi la watu 60 waliovaa kijani cha namna 60 linaonekana kundi, na anayelitazama kutoka ng'ambo ya barabara hatakosa kujua kwamba wamekuja pamoja. Mkitaka kitu kimoja cha kufanana hasa, kiwe kidogo: kitambaa cha kichwa kwa wanawake, utepe wa shingoni kwa wanaume. Yadi moja inatoa vilemba zaidi ya kimoja, na mama ataendelea kujifunga kilemba hicho sokoni mwaka mzima.

Nazungumza sasa na kamati za akina mama, viongozi wa kwaya, wazee wa koo na wanaopanga harusi za mwaka ujao. Mkikutana, ulizeni kwanza nani anauza kitambaa kinachopendekezwa, na kama ni yuleyule anayekipendekeza. Msichapishe mwaka kwenye nguo. Tangazeni miezi mitatu kabla, ili mafundi wapate nafasi ya kushona na watu wapate nafasi ya kutafuta. Na mkifika kwenye kipengele cha sare, tajeni rangi, halafu mwacheni kila mtu alifungue sanduku lake kwanza.